Injini iliyofungwa upya: idekezwe au ipewe kazi?

Buldoza ikitoka karakana na injini iliyofungwa upya, ubishi huanza kabla haijagusa udongo. Mwenye mashine, aliyetoka kumwaga fedha, anataka iende taratibu wiki nzima. Fundi anataka ipewe kazi siku hiyohiyo.

Wanaotaka taratibu wana pa kushika. Miongozo ya Komatsu huelekeza mashine mpya isipewe mzigo mzito wala mwendo mkali kwa saa 100 za kwanza. Lakini hapo inazungumziwa mashine nzima: gia, haidroliki na minyororo, vyote havijawahi kufanya kazi. Kuihamishia kanuni hiyo kwenye buldoza kuukuu ambayo kipya chake ni injini tu ni kumpa mtu dawa ya mgonjwa mwingine.

Ndani ya injini, shughuli kubwa ni ya ringi, yaani pete za chuma zinazoizunguka pistoni na kuziba nafasi kati yake na silinda. Ukuta wa silinda hauachwi laini kama unavyodhaniwa. Huchorwa mistari myembamba inayokatana, ishike oili na kuzisugua ringi hadi zikae. Kinachozibana ringi ukutani ni hasa gesi ya mwako inayopenya nyuma yake, na gesi hiyo hupata nguvu injini ikiwa na mzigo. Injini ikiachwa inanguruma tu bila kazi, ringi hulegea, oili hupanda, huungua nusunusu na kuacha gamba linalong'aa juu ya mistari ile. Matokeo yake utayaona: inakula oili, kiungo cha eksozi kinalowa weusi, na ukifungua kifuniko cha oili inapumua kwa nguvu.

Kwa hiyo niko upande wa fundi, ila si yule wa "ichape tu". Pistoni ikilazimishwa kazi ingali baridi, au ikielemewa injini ikizunguka polepole, inaweza kukwaruza silinda. Miongozo ya injini za John Deere huonya juu ya mambo mawili kwa pamoja katika saa 20 za mwanzo: kunguruma kwa muda mrefu bila kazi, na mzigo wa juu kabisa mfululizo. Ikibidi kusubiri zaidi ya dakika 5, izimwe. Buldoza ina bahati hapo: inasukuma udongo wa wastani, inarudi nyuma tupu, inasukuma tena, mzigo unapanda na kushuka wenyewe. Jenereta yenye matumizi kidogo ndiyo yenye shida. Lazima itafutiwe mzigo.

Oili hainisumbui sana. Weka ya mwongozo, imwage mapema, kata filta uone kama kuna chembe za chuma.

Gamba likigundulika mapema, saa kadhaa za mzigo wa kweli huweza kuzikalisha ringi. Likichelewa, injini inafunguliwa tena, silinda zinachorwa upya na ringi zinabadilishwa. Bili hiyo hupelekewa fundi, hata pale mashine iliposhinda uwanjani ikinguruma kwa amri ya mwenyewe.