Paka na tuna ya kopo: kuonja sawa, ila isiwe ndio chakula chake

Siku hizi watu wengi wa mjini wanafuga paka ndani ya fleti, paka hatoki, hawindi, anakula kile tu anachowekewa kwenye sahani yake. Na kwa vile chakula cha paka cha pakiti bei imepanda, unakuta mtu anafungua kopo la tuna asubuhi, nusu anaweka kwenye mkate wake nusu anampa paka, kesho hivohivo, mwezi unaisha. Ukimwambia hiyo sio sawa anakujibu mbona paka wa soko la samaki la Feri pale Dar na wale wa Lamu wanakula samaki tangu enzi za mababu na wapo wazima. Halafu kuna wale wengine wanaosema tuna ni sumu moja kwa moja, usimpe paka hata kipande. Kwangu mimi wote wana ukweli kiasi, ila huyu wa kopo la kila siku ndiye ananitia wasiwasi zaidi.

Hoja za kumtetea jodari, yaani huyo huyo tuna, zipo na nzito tu. Paka ni mla nyama haswa, lazima apate taurini, kirutubisho ambacho kiko kwenye nyama na samaki, akiikosa muda mrefu macho yanaharibika na moyo unatanuka na kudhoofika. Hilo la moyo lilitoka wazi mwaka 1987 kwa utafiti wa Marekani, na baada ya hapo viwanda vikaongeza taurini kwenye chakula cha paka. Jodari anayo hiyo taurini, ana protini ya kutosha na hana wanga. Na paka kumpenda jodari kiasi kile sio kudeka. Mwaka 2023 watafiti wa Waltham, taasisi ya utafiti wa wanyama wa kufugwa kule Uingereza, walionyesha kwamba ulimi wa paka una uwezo wa kuonja umami, ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama, na mchanganyiko wa kemikali unaowavutia zaidi ndio huo uliojaa kwenye jodari, wakati utamu wa sukari paka hausikii kabisa. Ndio maana paka mgonjwa aliyegoma kula, ukimdondoshea maji kidogo ya tuna juu ya chakula chake mara nyingi anaanza kulamba, na kwa paka hilo ni jambo kubwa sana kwa sababu akikaa siku kadhaa bila kula, hasa aliye mnene, mafuta yanajazana kwenye ini na anaweza kufa.

Sasa hii hoja ya paka wa Feri. Angalia vizuri wanakula nini pale. Hawali minofu ya jodari, wanakula vichwa, matumbo, maini, mifupa laini, dagaa mzima mzima, kibua aliyetupwa, na usiku wanakamata panya na mijusi. Yaani wanapata mnyama mzima, kalsiamu iko kwenye mfupa na vitamini A iko kwenye ini. Kopo la tuna ni mnofu mtupu, mifupa hakuna ini hakuna, kwa hiyo kalsiamu ni kidogo mno ukilinganisha na fosforasi, na paka mtoto anayekuzwa kwa mnofu mtupu mifupa yake inakuwa laini hadi anavunjika mguu kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi. Kuwalinganisha hao wawili kwa sababu wote wanakula samaki ni makosa kabisa. Na tena paka wa sokoni wengi hawafiki uzee, sisi tunaona waliobaki tu.

Tatizo jingine ambalo watu hawalisemi ni vitamini E. Jodari ana mafuta mengi ya aina inayoharibika haraka mwilini, na mwili unatumia vitamini E kuyazuia, sasa paka akila jodari hasa ile nyama nyekundu kila siku bila nyongeza hiyo vitamini inaisha na mafuta ya chini ya ngozi yanavimba, yanakuwa magumu na ya njano. Paka wa hivyo anapata homa, anakataa kula na hataki umguse, ukimshika mgongo au tumbo analia. Ugonjwa huu unajulikana kwa madaktari wa mifugo tangu miaka ya 1950 na ulihusishwa na jodari wa kopo. Chakula cha paka cha samaki kutoka kiwandani kinaongezewa vitamini E, kopo la binadamu halikutengenezwa kwa hesabu za paka.

Zebaki, ile metali yenye sumu, ndio inayotisha wengi. Jodari ni samaki anayekula samaki wenzake na anaishi miaka, kwa hiyo zebaki inajikusanya kwenye nyama yake. Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki kwenye ghuba, na paka wa wavuvi walianza kuyumba na kupata degedege kabla ugonjwa wa watu haujatambuliwa rasmi mwaka 1956. Ila ile ilikuwa sumu ya kiwandani kwa kiwango kikubwa mno, kopo la dukani haliko hivyo. Kwa vipimo vya Marekani tuna nyeupe, albacore, ina zebaki karibu mara tatu ya tuna ya kawaida ambayo mara nyingi ni skipjack, aina ndogo ya jodari. Mimi naogopa upungufu wa lishe kuliko zebaki, lakini paka wa kilo 4 akila kila siku mwaka mzima hapo hata zebaki inaingia kwenye hesabu.

Halafu jikoni kwetu kuna hatari za karibu zaidi. Tuna ya maji ya chumvi, tuna ya pilipili, mchuzi wenye kitunguu au kitunguu saumu, hivyo vitunguu vinaharibu chembe nyekundu za damu za paka hata vikipikwa. Jodari aliyekaa juani sokoni anatengeneza histamini, kemikali inayodhuru anayemla, na ukimchemsha haitoki. Na samaki mbichi, dagaa wakiwemo, baadhi yao wana kimeng'enya kinachoua vitamini B1, ukiwachemsha kinaisha nguvu, kwa hiyo dagaa waliochemshwa bila chumvi mimi nawapendelea kuliko kopo.

Kiasi? Paka wa kilo 4 anahitaji kama kalori 200 hadi 250 kwa siku, na vya kuonja visizidi asilimia 10, maana yake kijiko kimoja cha chakula cha tuna ya maji isiyo na chumvi, mara moja au mbili kwa wiki. Mwenye matatizo ya figo umuulize daktari wa mifugo kwanza. Na kama paka wako ameshazoea tuna hadi anagomea vingine usimkatie ghafla ukisema njaa itamfundisha, changanya chakula kipya kidogokidogo kwa wiki mbili au tatu ukipunguza tuna, na akipitisha siku nzima bila kula mpeleke kwa daktari.