Kuweka alama hakutoshi
Mwandishi wa makala ninayoijibu, kuhusu kuhariri Wikipedia, anashauri tuhuma isiyo na chanzo iwekewe alama ya "chanzo kinahitajika". Kwa tuhuma dhidi ya mtu aliye hai, hapana. Iondoe papo hapo, kisha eleza sababu kwenye ukurasa wa majadiliano bila kuirudia tuhuma yenyewe (wengi huteleza hapo). Mwaka 2005 uongo uliomhusisha mwanahabari Mmarekani John Seigenthaler na mauaji ya ndugu John na Robert Kennedy ulikaa Wikipedia ya Kiingereza miezi minne. Na hata ukifuta, maneno bado yamo kwenye historia ya ukurasa; mwombe mkabidhi (msimamizi wa Wikipedia) ayafiche, kwa barua pepe, si hadharani. Halafu kushtakiwa si kutiwa hatiani, na gazeti la udaku haligeuki kuwa chanzo hata likinukuliwa na tovuti kumi.