5G ya Nairobi: antena mpya, lakini moyo wa netiwaki ni wa lini?

Juzi kwa matatu ya kutoka Pipeline vijana wawili walibishana mpaka makanga akaacha kudai nauli kidogo asikilize. Mmoja anasema 5G, hiki kizazi cha tano cha netiwaki ya simu, ni ujanja wa kutuuzia simu mpya, 4G yake inacheza video bila kukwama sasa ya nini, mwingine anamwambia bila 5G tutaachwa na dunia. Nilishuka Donholm bila kuongea lakini sijaacha kuwaza, maana wote wawili walikuwa wanapima spidi tu. Kwangu mimi kilichobadilika sana tangu 2G ni nani ndani ya netiwaki anaamua mambo, na anaamulia wapi.

Angalia 2G vile ilijengwa. Ukipiga simu unatengewa nafasi yako, na inabaki yako mpaka ukate, hata kama mmenuniana na hakuna anayeongea. Chaneli moja, yaani kipande cha mawimbi ya redio, ina upana wa kilohezi 200 na imegawanywa nafasi 8, basi. Busta, ule mnara wa simu wa mtaani, kazi yake ni kurusha na kupokea, maamuzi yanafanywa na kidhibiti kinachosimamia mabusta mengi, na juu yake kuna swichi kubwa. Intaneti ilikuja kupachikwa baadaye kama kibanda cha mabati kando ya nyumba ya mawe. Lakini tusiidharau, M-Pesa ilipoanza 2007 ilitembea juu ya mfumo huu na mpaka leo mtu wa kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, anatuma pesa vizuri.

3G ilipanua barabara, chaneli ikawa megahezi 5, ila yule bosi wa katikati akabaki. Simu ihamie busta gani, ipewe data kiasi gani, mwanzoni kila kitu mpaka kidhibiti kiulizwe na pengine kiko mbali, ni kama duka ambapo muuzaji hawezi kukupunguzia hata shilingi kumi bila kumpigia mwenye duka. Halafu 3G ilikuwa na hii tabia, watu wote wanatumia chaneli ileile kwa wakati uleule, kila mmoja na msimbo wake, kwa hivyo wakiongezeka kelele inapanda na eneo la busta linanywea. Mafundi wanaliita eneo hilo seli, na wanasema seli inapumua. Ukiwa umeishi Pipeline enzi hizo, gorofa zimebanana mpaka unasikia jirani akikoroga chai, saa mbili usiku kila mtu ako kwa simu, hiyo pumzi unaijua.

4G ndio naona ilifanya kazi kubwa na hakuna mtu anaiimbia. Yule bosi wa katikati alifutwa kabisa. Akili ilihamishiwa kwa busta yenyewe, mabusta ya jirani yakaanza kuongea moja kwa moja na kupokezana simu yako ukiwa ndani ya gari, na kila kitu kikawa pakiti za data. Kuchelewa kukashuka kutoka milisekunde mia na zaidi hadi makumi kadhaa. Hapo ndio simu za video zilianza kueleweka.

Shida ni kwamba waliojenga 4G hawakuiwekea ile njia ya zamani ya sauti. Sauti inatakiwa kupita kama data, na kama simu yako ama laini yako haijawekewa huduma hiyo, ukipigiwa unashushwa kwanza hadi 3G ama 2G. Mimi ilinipata nikiwa kwa mkutano wa mtandaoni kupitia hotispoti ya simu, mamangu akapiga, nikashika, laptopu ikafa. Nilidhani bando imeisha, kumbe simu imeshuka ngazi na intaneti ikaburutwa nayo.

Sasa 5G. Safaricom walianza majaribio Machi 2021 na kuizindua kibiashara Oktoba 2022, Airtel wakafuata Julai 2023. Upande wa hewani imeleta chaneli zinazofika megahezi 100 kwa masafa ya kati, yaani mawimbi yasiyo ya juu sana wala ya chini sana, wakati 4G chaneli moja mwisho ni 20, na antena nyingi zinazolenga mawimbi kwako badala ya kumwaga kila mahali kama mtu anayemwagilia sukuma kwa ndoo. Lakini raha yenyewe iko kwa moyo wa netiwaki, ile mitambo iliyo nyuma ya mabusta inayopitisha simu na data. Kazi zimevunjwa vipande vya softiwea vinavyokaa kwa sava za kawaida, na sehemu inayobeba data imetenganishwa na ile inayotoa amri, kwa hivyo unaweza kuileta karibu na mteja. Mtu wa Kisumu hana haja data yake isafiri hadi Nairobi ndio irudi palepale Kisumu. Na netiwaki moja inaweza kukatwa vipande, kimoja cha ambulensi, kingine cha kiwanda, kingine chetu sisi wa video.

Hapo lazima nimpe yule kijana wa kwanza haki yake. 5G inaweza kujengwa kwa njia mbili, unaweka antena mpya lakini moyo unaacha wa 4G, ama unajenga moyo mpya kabisa. Kwa njia ya kwanza alama ya 5G inawaka kwa simu na spidi inapanda, lakini hayo mambo ya kukata netiwaki vipande hupati, maana yanahitaji ule moyo mpya. Hata vipande vyenyewe nina wasiwasi navyo kidogo, kwa sababu hewa ni ileile, kipande cha anayelipa zaidi kikinona cha nani kitakonda? Na masafa ya juu yanachoka haraka yakikutana na ukuta wa mawe, kwa hivyo unahitaji mabusta mengi zaidi na kila moja linakula stima. Pia netiwaki haiishii kwa mnara. Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba, na hapo hata ungekuwa na G ngapi kwa simu bado ungeumia.

Kuna kitu kimoja lakini ambacho wanaopinga 5G hawakitaji, usalama. Kwa 2G mtandao unaihakiki simu yako lakini simu haiuhakiki mtandao, kwa hivyo mtu akiwasha busta bandia simu inaingia mzimamzima, na busta kama hizo ndizo matapeli wanatumia kusukuma meseji zao. 3G na 4G zilirekebisha hilo, ila utambulisho wa laini bado unaweza kutoka wazi simu inapojitambulisha mara ya kwanza. 5G yenye moyo mpya inaufunga kwa ufunguo wa mtandao wako kabla haujaondoka kwa simu. Lakini mradi 2G iko hewani na simu yako inaikubali, mwizi atakushusha huko.

Kwa hivyo tuizime 2G? AT&T ya Marekani iliizima ya kwake mwishoni mwa 2016. Hapa kwetu sioni ikiwezekana hivi karibuni, kabambe ziko nyingi, na vifaa vya kutrack magari na pikipiki vingi bado vinaongea 2G. Mimi ningeambiwa nipange matumizi ya pesa, ningeweka 4G nzito kila mahali na huduma ya sauti juu yake kwanza, halafu 5G pale watu wamejaa na pale fayiba haifiki. Waifai ya 5G kwa nyumba naona ina maana hata leo, mradi ukumbuke unagawana busta na ploti nzima.

Ukitaka kuona haya yote mwenyewe, siku moja ukiwa kwa matatu tuma nauli kwa ile njia ya kupiga namba yenye nyota na reli badala ya apu, huku ukiangalia juu ya skrini. Mara nyingi 4G inapotea, inakuja H ya 3G ama E ya 2G, makanga anapata pesa yake, halafu 4G inarudi.