Heri ng'ombe wa Cambridge kuliko mimi

Jamani mi hapa Cambridge, Uingereza, naingia mwaka wa sita na nimeshakubali, kwenye huu mji ng'ombe ananizidi cheo. Sitanii. Pale Midsummer Common, ule uwanja wa nyasi wa umma kando ya mto Cam, katikati ya mji kabisa, baridi ikipungua tu wanaachiwa ng'ombe wanajilia majani bure mpaka vuli, hakuna wa kuwauliza. Sasa mimi juzi namtembeza mgeni kwenye chuo kimoja, nimekanyaga nyasi hatua mbili, mbili tu, huyo mlinzi kaja na upole wake ule unaouma, samahani bwana, nyasi hizi ni za wahadhiri. Mgeni akaniuliza we si ulisema ni mwenyeji hapa?

Halafu ng'ombe akitumbukia mtoni, halmashauri ilikuwa na watu wake wa kumvua, ndo ilikuwa kazi yao. Mimi nilivyopanda vile vimashua bapa vya kusukuma kwa upondo, upondo ukanasa kwenye tope, nikaung'ang'ania, mashua ikaenda zake na familia yangu, nikabaki juu ya upondo kama kunguru. Halmashauri sikuiona, niliona wanafunzi wanarekodi.

Na hawa wanafunzi mambo yao usiyaamini kwa jina. Wana kitu kinaitwa Wiki ya Mei, wiki ya sherehe zao, basi nikachukua likizo Mei nikimbie kelele, kumbe Wiki ya Mei iko Juni!! Nikarudi kutoka likizo nikapokelewa na fataki usiku. Hata saa za hapa hivyo hivyo, kuna moja imewekwa 2008 kwenye kona karibu na mtaa wa King's Parade, juu yake kuna mdudu kama panzi eti anakula dakika, na inasema kweli mara moja tu kila dakika tano. Nimechelewa kazini nikamweleza bosi habari ya panzi, acha tu.

Stesheni ndo usiseme. Imejengwa 1845, mbali na mji, wenyeji wanasema chuo kikuu hakikutaka wanafunzi watorokee London. Sawa, waliotaka kutoroka wameshakufa, mbona sanduku naburuta mimi?

Kodi ya nyumba sasa. Mwaka 1970 chuo cha Trinity kilianzisha Science Park, eneo la kampuni za sayansi, kaskazini mwa mji, ikawa ndo mwanzo, kampuni za kompyuta na za dawa zikaja moja baada ya nyingine, kila mwenye udaktari wake anatafuta chumba na mimi mwenye cheti cha udereva natafuta chumba hicho hicho, mwenye nyumba akanipa kimoja ambacho nikipiga mwayo lazima nifungue dirisha kwanza. Anakiita studio. Ng'ombe ana uwanja mzima na anaangalia mto!

Jana jioni natoka kazini nikamkuta mmoja kalala kwenye njia ya baiskeli, katikati, anatafuna zake taratibu, na watu na heshima zao wameshuka kwenye baiskeli wanamzunguka kwa adabu, mmoja kamwambia samahani, nimemsikia. Nikasimama pembeni yake nitoe simu nipige picha. Sekunde moja. Kengele nilizopigiwa, ungedhani nimeziba barabara ya zimamoto.