"Huyu Yuko Tu Garaji"

Majuzi tulikuwa Himbi, hapa Goma, kwenye dote, sherehe ya mahari, ya binamu yetu. Mjomba, mzee wa kanisa mwenye sauti yake, akasimama kutambulisha vijana wake. Wa kwanza mwanasheria, wa pili yuko ONG, mashirika ya misaada, wa tatu anamalizia udaktari. Alipofika kwa wa nne sauti ikashuka: "Huyu yuko tu garaji." Kisha akauliza kama soda zimefika.

Tu! Kijana anayefungua giaboksi ya Land Cruiser kando ya barabara Ndosho, nati kazipanga juu ya katoni jinsi zilivyotoka, na jioni gari linaondoka lenyewe!

Wapenda magari mnaijua Morgan ya Uingereza. Kila mtu husimulia fremu zake za mbao, kana kwamba mtu wa Goma, mji wa chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, atashangazwa na mbao. Mimi namtazama baba wa mwanzilishi. H.F.S. Morgan, aliyeianzisha, alizaliwa 1881 kwa mchungaji, George. Babu naye mchungaji, kijiji kilekile cha Stoke Lacy. Kwetu kijana angekwisha kuvikwa kanzu. Yeye akaenda kujifunza ufundi kwenye karakana za reli Swindon, akafungua garaji Malvern Link, na 1909 akaunda kigari cha magurudumu matatu chenye injini ya Peugeot. Pesa alitoa baba. 1910 wakakipeleka maonyesho ya Olympia, London: watazamaji tele, oda chache, maana kilikuwa na kiti kimoja tu. Hapo wazee wetu wangesema, "Si nilikuambia?" Mchungaji George hakufunga mfuko. Mwaka uliofuata kikaja cha viti viwili, duka la Harrods likakiweka dirishani. Kampuni ilipoandikishwa 1912 mwenyekiti akawa yeye, mpaka alipofariki 1936, mwaka ambao Morgan ya magurudumu manne ilikuwa imeanza kuuzwa.

Haya, najua, mchungaji alikuwa na franga. Na tangu 2019 kampuni iko mikononi mwa Waitaliano wa Investindustrial, kampuni ya uwekezaji, familia imebaki na kipande. Sawa.

Lakini mjomba aliuza parseli, kiwanja chake, Mugunga kulipia udaktari, na hakuna aliyemuuliza. Wa nne anaomba mashine ya kuchomelea, ya mtumba, tena kwa deni, anaambiwa asali. Asali, sawa. Na lile gari linalokupeleka kanisani kila Jumapili, mjomba, analitengeneza nani, tena bure?