Utamu wa Akiolojia Umo Ndani ya Pipa la Maji

Anayeingia kwenye akiolojia, yaani kuchimba na kuchunguza mabaki ya kale, kwa hamu ya dhahabu atachoka mapema. Utamu wa kazi hii, hasa pwani ya Afrika Mashariki, ni kuingia jikoni kwa watu wa miaka elfu moja iliyopita na kujua walipika nini.

Vifaa vya kutafutia mabaki hayo ya chakula ni rahisi. Katika kila tabaka la udongo unalochimba, tenga lita 20 hadi 40 za udongo kabla haujachekechwa. Mimina kidogo kidogo kwenye pipa la maji, koroga kwa mkono polepole: mkaa na mbegu zilizoungua huelea, nawe unazichuja kwa wavu wenye matundu ya milimita 0.3 hivi. Udongo wa mfinyanzi uloweke kwanza, la sivyo mabonge yatazama na mbegu zake. Anika kivulini, maana jua kali hupasua punje, na mtama uliosagika hautambuliki tena. Suuza pipa na wavu kila unapobadili sampuli. Punje moja iliyohama inatosha kuharibu hoja nzima.

Kwa kazi hiyo ya pipa, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wakazi wa kale wa pwani ya bara na visiwa vya jirani walitegemea zaidi nafaka za Kiafrika, kama mtama na uwele, ilhali Komoro kulitawala mpunga na choroko kutoka Asia. Hakuna kasri wala msikiti ungeweza kutuambia hayo.

Punje hizohizo ndizo bora kwa kupima umri wa tabaka. Boriti ya mkoko huenda ilitolewa nyumba kuukuu ikajengewa mpya, hivyo mkaa wake hufanya tabaka lionekane la zamani kuliko lilivyo. Punje ya mtama ni ya msimu mmoja.

Faida nyingine ya kazi hii ni kufundishwa na mafundi wa ujenzi. Matumbawe ya mihrabu yalichongwa yangali mabichi kutoka baharini, yakiwa laini. Yakikauka, huwa magumu. Fundi aliyewahi kuchoma chokaa akiona mabonge meupe ndani ya lipu ya kale atakuambia chokaa yake haikulowekwa ikaiva. Maelezo hayo yaandikwe kwenye ripoti pamoja na jina lake akiridhia, na alipwe kama mtaalamu, si kama kibarua wa kubeba karai.