Akaunti za serikali za nje zifungwe, ila nina sharti

Hii mada ya kufungia akaunti za mitandao ya kijamii zenye uhusiano na serikali za nje kila ikija watu wanagawanyika kama Simba na Yanga. Mimi niko upande wa kufunga, ila ngoja kwanza.

Chukulia Jamhuri ya Afrika ya Kati. Desemba 2020, wiki kama mbili tu kabla ya uchaguzi wao, Facebook ikafyeka mitandao ya akaunti feki, mmoja ukihusishwa na watu wa jeshi la Ufaransa, akaunti 84 pamoja na kurasa na magrupu, na mingine ya Kirusi, ikiwemo ya watu wa Prigozhin, aliyekuwa bosi wa Wagner, lile kundi la mamluki wa Kirusi. Wote wanajifanya wenyeji. Sasa kichekesho, walikutana humohumo, wakaombana urafiki, wakaanza kujibizana kwenye komenti na kila upande unauumbua mwenzake kwamba ni feki! Yaani wewe uko zako Bangui jioni unaperuzi, unaona wawili wanazozana kuhusu nchi yako, unadhani ni jirani zako, kumbe hakuna hata mmoja wa hapo.

Hizo funga, sisubiri hata mjadala. Serikali ya nje ikiwa na la kusema iseme kwa jina lake na bendera yake, tutaijibu. Ndio maana RT na Sputnik, vyombo vya habari vya serikali ya Urusi, zilipofungiwa Umoja wa Ulaya Machi 2022 mimi nilisita kidogo, maana RT kila mtu anajua ni ya nani.

Kinachonitia wasiwasi ni Uganda. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ikafuta akaunti zilizohusishwa na wizara ya TEHAMA ya hukohuko Uganda, Museveni akakasirika akaifunga Facebook nchi nzima, eti wageni hawawezi kuja kuwaamulia nani mwema nani mbaya. Sawa mzee, ila aliyeumia nani? Miaka ikapita na dada wa Kampala anayeuza viatu bado anawasha VPN, ile app ya kukwepa kizuizi, kwanza ndio amjibu mteja, bando linakatika, mteja keshanunua kwingine. Huyo naye ana uhusiano na serikali gani ya nje? Sisi huku Bongo X ilivyofungwa Mei 2025 tunaelewa vizuri hiyo habari ya VPN.

Kwa hiyo sharti langu ni ushahidi uwekwe mezani, akaunti zipi, nani alikuwa anaziendesha, zilikuwa zinaposti nini, na watu wa nje ya kampuni wazichungulie, kama ile 2020 watafiti wa Graphika na Stanford walivyozipitia wakatoa ripoti. Na marafiki wa wakubwa wasirukwe, maana mwaka ule wangeishia kwa Warusi tu, zile 84 za Wafaransa zingekuwepo mpaka leo zinajiita wenyeji.